General, Mkapa au Mvumi: kuchagua rotesheni ya hiari ya magonjwa ya ndani ukiwa mwaka wa tano

Mwanafunzi wa udaktari anayesoma Dodoma, anapofika mwaka wa tano na kuamua kwamba rotesheni yake ya hiari, yaani kipindi cha mafunzo wodini anachojichagulia mwenyewe, itakuwa ya magonjwa ya ndani, ana milango mitatu iliyo wazi bila kusafiri mbali: Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ambayo wenyeji wa mji huiita General, na Hospitali ya Mvumi iliyoko wilayani Chamwino, kiasi cha kilomita 40 kutoka mjini. Mlango wa nne ni Dar es Salaam, ambako kufika kumekuwa rahisi zaidi tangu treni ya SGR ianze safari zake za Dodoma mwaka 2024. Wengi huchagua kwa kuangalia ukubwa wa jina la hospitali, na wengine hufuata tu waliko marafiki zao. Mimi napendekeza kipimo kingine. Baada ya mtihani wa mwisho, mwanafunzi huyu atakuwa daktari mtarajali kwa miezi 12 mahali atakapopangiwa, na usiku wa zamu yeye ndiye atakayeamshwa kwanza. Kwa hiyo kila hospitali ipimwe kwa swali hili: ni kazi gani ambayo leo siwezi kuifanya mwenyewe, na ni wapi nitaifanya mara nyingi huku yupo mtu wa kunisahihisha?

Mgonjwa mwenye jina la ugonjwa na mgonjwa asiye nalo

Watu wanapolinganisha Mkapa na General huanza na majengo na mashine. Kwa mwanafunzi, tofauti iliyo kubwa zaidi ni kiasi ambacho ugonjwa umekwisha kufahamika pale anapokutana na mgonjwa kwa mara ya kwanza.

Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015 na leo inahudumia Kanda ya Kati kama hospitali ya rufaa ya kanda. Mgonjwa wa kawaida wa wodi zake za magonjwa ya ndani amekwisha kupita mikononi mwa watu wengi: alianzia zahanati au kituo cha afya, akaenda hospitali ya wilaya, akapelekwa mkoani, na sasa amefika akiwa na barua ya rufaa, majibu ya damu ya wiki kadhaa zilizopita na picha ya ultrasaundi ndani ya bahasha ya kaki. Barua hiyo ina jina la ugonjwa tayari, na hata pale jina hilo linapokuwa na kasoro, bado linaongoza fikra za kila anayelisoma. Mwanafunzi anayekaa hapo hujifunza kwa kina mambo yanayofuata baada ya ugonjwa kutambuliwa: dawa ipi ipunguzwe kwa sababu figo zimechoka, mgonjwa yupi aanze kusafishwa damu na yupi asubiri, vali ipi irekebishwe kwa upasuaji na ipi iendelee kutibiwa kwa vidonge.

General mambo huenda kwa namna nyingine. Wapo wanaofika kwa rufaa kutoka Bahi, Kongwa au Chemba, lakini wapo pia wanaoletwa moja kwa moja na ndugu zao kutoka Chang'ombe, Nkuhungu au Kizota bila karatasi yoyote mkononi. Chukua mfano wa mama wa makamo anayeletwa jioni akihema, miguu imevimba hadi magotini, na dada yake anasema ni pumu kwa sababu usiku anakohoa na hawezi kulala chali. Mwanafunzi ndiye anayeketi kwanza kando ya kitanda. Anamsalimu, anamuuliza analalia mito mingapi, alijifungua lini mara ya mwisho, presha aliipima lini na dawa aliziacha kwa sababu gani. Anainua kichwa cha kitanda hadi nyuzi 45, anamwomba ageuze uso kidogo kushoto, anautafuta mshipa wa shingoni unaopwita na kupima kwa rula ndogo urefu wake juu ya kidari. Anabonyeza taratibu chini ya mbavu za kulia, akiangalia kama mshipa ule unapanda. Anasikiliza sehemu za chini za mapafu, kisha anamwomba mama alalie ubavu wa kushoto ili asikilize ncha ya moyo, maana mngurumo hafifu wa vali iliyobana hausikiki vizuri mgonjwa akiwa amelala chali. Kabla eko, yaani ultrasaundi ya moyo, haijafanyika na kabla eksirei haijarudi, anatakiwa aandike kwenye faili kwamba anaona tatizo ni la moyo wala si pumu, na ataje sababu zake moja baada ya nyingine. Asubuhi, kwenye raundi, ama anakubaliwa ama anasahihishwa.

Zoezi hilo la kuanzia mwanzo kabisa, kwa mgonjwa ambaye bado hajapewa jina lolote la ugonjwa, ndilo ambalo wanafunzi wengi hufika mwaka wa tano wakiwa wamelifanya mara chache mno. Miaka ya katikati ya masomo hupita wakimchunguza mgonjwa aliyekwisha kulazwa siku tatu, ambaye faili lake limejaa na ambaye amezoea maswali kiasi cha kuyajibu kabla hayajaulizwa. Kwa sababu hiyo, kabla ya nyingine yoyote, naiweka hospitali ya mkoa juu ya hospitali ya kanda kwa wanafunzi walio wengi.

Kazi za mikono nazo zina uzito wake. Katika hospitali ya kanda, foleni ya wanaohitaji kujifunza ni ndefu: wapo madaktari wanaosomea ubingwa, wapo watarajali, na mwanafunzi wa mwaka wa tano husubiri nyuma yao. Kutoa maji ya tumboni, kutoa maji yaliyozunguka pafu au kuchoma sindano ya uti wa mgongo ni kazi ambazo mtarajali atatakiwa kuzimudu, na hazifundishiki kwa kutazama tu. Fikiria mgonjwa anayeishi na VVU ambaye kichwa kimemuuma kwa wiki mbili, na kipimo cha damu kinaonyesha dalili za fangasi wa kriptokokasi, wanaoshambulia utando wa ubongo. Sindano ya uti wa mgongo hapo hufanya kazi mbili. Pamoja na kuchukua sampuli ya maabara, hupima mgandamizo wa maji ya uti wa mgongo, na ukizidi sentimita 25 kwenye mrija wa kupimia maji hupunguzwa hapo hapo na kurudiwa kesho yake ikibidi, kwa sababu mgandamizo huo ndio unaoweza kumpofusha au kumuua. Mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo hata mara mbili chini ya uangalizi ataikumbuka usiku atakapoitwa peke yake, na mwanafunzi aliyeishuhudia tu kutoka nyuma ya migongo ya wenzake atababaika.

Lakini hospitali ya ngazi ya mkoa ina gharama yake ya kielimu, na si haki kuificha. Daktari bingwa mmoja anaweza kuwa na wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, kliniki na simu za idara ya dharura kwa siku moja, hivyo raundi inakwenda haraka na swali zuri la mwanafunzi linaahirishwa hadi linasahaulika. Pale ambapo Mkapa bingwa anaweza kusimama kwenye kitanda kimoja kwa nusu saa akijadiliana na wenzake, raundi ya mkoa mara nyingi haina nafasi hiyo. Mwanafunzi asiyejisukuma mwenyewe anaweza kumaliza mwezi mzima akiwa ameona wagonjwa wengi na kuelewa wachache. Dawa ya hali hiyo ni kuandika. Kila jioni achague mgonjwa mmoja tu, aandike ukurasa mmoja wa fikra zake kuhusu mgonjwa huyo, na amwombe bingwa au daktari wa wodi dakika tano za kuupitia. Madaktari wengi wasio na muda wa kufundisha bila maandalizi humpa muda mwanafunzi aliyejiandaa.

Mkapa inafaa kwa nani, na katika kitengo kipi

Yaliyotangulia yasimfanye mtu aidharau Mkapa. Mwezi Machi 2018 hospitali hiyo ilianza kupandikiza figo kwa ushirikiano na madaktari wa kundi la Tokushukai kutoka Japani, miezi michache baada ya Muhimbili kufanya upandikizaji wa kwanza nchini. Ina huduma ya kusafisha damu, ina mtambo wa kuchunguza mishipa ya moyo, na imeanza pia kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Mwanafunzi ambaye amekwisha kujijua kwamba kuchukua historia na kumpima mgonjwa si tatizo lake, na ambaye ana swali mahususi linalomsumbua, atapata hapo majibu ambayo kanda hii haikuwa nayo kabla ya mwaka 2015.

Kosa ni kuomba Mkapa kwa ujumla. Anayekwenda huko aombe kitengo, na kama chaguo ni kati ya figo na moyo, naegemea figo bila kusita.

Sababu yangu ni kwamba ujuzi wa figo unatembea na daktari kwenda kila wodi. Mgonjwa anapofika akiwa dhaifu, mapigo ya moyo yamepungua, na kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mawimbi ya T yaliyochongoka na kurefuka, daktari anayeielewa potasiamu, madini ambayo figo zikishindwa hujaa kwenye damu na kuuvuruga moyo, haanzi kwa kusubiri majibu yarudi kutoka maabara. Anajua kwamba kalsiamu glukonati huukinga moyo kwa muda mfupi lakini haiondoi potasiamu hata kidogo; kwamba insulini pamoja na glukosi huisukuma potasiamu ndani ya chembe kwa saa chache tu; na kwamba kuitoa mwilini kabisa kunahitaji mkojo au mashine. Mfuatano huo ukishaeleweka kwenye kitengo cha figo, unatumika Kondoa, unatumika Manyoni, unatumika popote palipo na mgonjwa, kanula na dawa tatu. Hivyo hivyo kuhusu kupunguza dozi za dawa kwa mujibu wa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo, kutofautisha figo iliyokosa damu na figo iliyoharibika yenyewe, na kumwepusha mgonjwa wa kisukari na dawa za maumivu anazozinunua dukani kwa ajili ya magoti. Kukaa kwenye chumba cha kusafishia damu pia kunamfundisha mwanafunzi jambo ambalo darasani husemwa kwa haraka: kawaida ni vipindi vitatu kwa wiki vya takribani saa nne kila kimoja, na anayepunguza vipindi hivyo kwa sababu ya gharama hurudi akiwa amejaa maji, akihema kama yule mama wa wodi ya mkoa.

Kitengo cha moyo kina mvuto mkubwa, ila sehemu yake inayovutia zaidi ndiyo ambayo mwanafunzi ataigusa kidogo zaidi. Kwenye chumba cha mtambo atasimama nyuma ya kioo. Faida yake halisi iko kliniki, kwa wagonjwa wa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, wa presha ya miaka mingi na wa misuli ya moyo iliyolegea baada ya kujifungua. Anayechagua kitengo hicho ajiwekee sharti moja: asiangalie ripoti ya eko kabla ya kusikiliza kifua mwenyewe na kuandika alichosikia. Akilinganisha maandishi yake na eko kwa wiki nne mfululizo, masikio yake yatakuwa yamepata mwalimu asiyechoka.

Mvumi, au hospitali ambayo mgonjwa anaishi jirani nayo

Mvumi ni hospitali ya Kanisa Anglikana, chini ya Dayosisi ya Central Tanganyika, na imepokea wanafunzi wa udaktari wa ndani na wa nje ya nchi kwa miaka mingi. Hakuna mtambo wa mishipa ya moyo huko na hakuna kupandikiza figo. Kilichopo ni magonjwa jinsi yanavyoishi na watu, na hilo ni somo ambalo mji haulitoi.

Nianze na homa ya papasi, ugonjwa ambao vitabu vya kigeni huupa mistari michache na ambao tafiti zake nyingi hapa nchini zimefanyika Mvumi. Papasi hukaa kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za nyumba, zikiwemo tembe za Wagogo. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi kisha hurudi ufani, hivyo aliyeng'atwa mara nyingi hana habari. Bakteria wanaobebwa na papasi huyo, Borrelia duttonii, huleta homa kali ya siku kadhaa inayokatika, halafu hurudi baada ya siku chache mgonjwa akidhani amepona. Sasa fikiria mgonjwa huyo kwenye mkoa kama Dodoma, ambao uko miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache ya malaria nchini. Kipimo cha haraka cha malaria kinasema hapana, na ni kweli hana malaria, lakini kipimo hicho hakiwezi kumwona Borrelia. Anayeweza kumwona ni mtu aliyechukua tone la damu wakati homa iko juu, akalikausha kwenye kioo, akalipaka rangi ya Giemsa na kukaa kwenye darubini hadi akaona vimelea vyembamba vilivyojisokota katikati ya chembe nyekundu. Kadiri kipimo cha haraka kinavyochukua nafasi ya darubini, ndivyo ugonjwa huu unavyozidi kupita bila kuonekana. Mwanafunzi aliyekaa na mtaalamu wa maabara akaonyeshwa kioo kimoja chenye vimelea hivyo hatausahau, na atajua pia kwamba saa chache baada ya dozi ya kwanza ya antibiotiki mgonjwa anaweza kutetemeka, homa ikapanda na presha ikashuka, kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka mara tu baada ya dawa. Ni kweli kwamba nyumba za bati na sakafu za saruji zinawanyima papasi makazi, na hakuna wa kuahidiwa kwamba atamwona mgonjwa wa namna hiyo katika mwezi wake. Nitakachoahidi ni kwamba atazoea kuuliza mgonjwa analala nyumba ya aina gani.

Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyohitajika mwaka 2016, pale familia katika baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara zilipoanza kuugua kwa kutapika, tumbo kujaa na macho kuwa ya njano, na baadhi ya watu wakafa. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Anayekariri visababishi vya ini kuugua na macho kuwa ya njano akiwa darasani ataorodhesha virusi, pombe na dawa, na ataishia hapo. Aliyekaa Mvumi msimu wa mavuno ataongeza swali la ghalani: mahindi mliyavuna lini, mliyaanika wapi, na ni nani mwingine nyumbani anayeumwa? Ndivyo ilivyo pia kwa brusela miongoni mwa wafugaji wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, ambao huja na homa ya muda mrefu, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi wamekwisha kutibiwa malaria na taifodi mara kadhaa kabla mtu hajauliza habari za ng'ombe.

Lugha ni sehemu ya uchaguzi huu. Wagonjwa wengi wazee wa vijiji vya Chamwino huzungumza Kigogo kwa utulivu zaidi kuliko Kiswahili, na mwanafunzi kutoka Kagera au Mtwara atahitaji msaada wa muuguzi au wa mjukuu aliyemsindikiza bibi yake. Historia inayopita kwa mkalimani ni ndefu, na mjukuu wa kiume hawezi kumuuliza bibi yake kila kitu. Hapo ni busara kumwomba sista wa zamu abaki naye faragha. Anayejifunza kusema mbukwa, salamu ya Kigogo, kabla ya kugusa mkono wa mzee atakuta maelezo yanafunguka kwa namna ambayo stethoskopu haiwezi kuyafungua.

Upungufu wa hospitali za vijijini kama mahali pa kujifunzia unajulikana. Bingwa wa magonjwa ya ndani huenda asiwepo kila siku, na msimamizi anaweza kuwa daktari wa kawaida mwenye uzoefu mkubwa lakini asiye na wajibu rasmi wa kufundisha. Vipimo ni vichache, kwa hiyo baadhi ya maswali hubaki bila jibu hadi mgonjwa apelekwe mjini. Kwa mwanafunzi ambaye misingi yake bado inayumba, mazingira hayo yanaweza kumzoesha makosa bila mtu wa kumwambia. Ndiyo maana siipendekezi Mvumi kwa aliyepata shida kwenye mitihani ya vitendo ya mwaka wa nne. Huyo aende General kwanza. Kwa mwenye misingi imara anayetaka kujua udaktari unavyofanyika pale ambapo watu wengi wa nchi hii wanaishi, sioni pazuri zaidi ndani ya mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini. Wenye uwezo wa kwenda mbali zaidi wanaweza kufikiria Hospitali ya Mtakatifu Gaspari ya Itigi, mkoani Singida, au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyoanza kazi mwaka 1955.

Dar es Salaam

Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zina mabingwa wengi kuliko mahali pengine popote nchini, na anayepanga kusomea ubingwa huko ana sababu ya kwenda kujionea. Kwa wengine wote, hoja niliyoitoa kuhusu Mkapa inakuwa na nguvu zaidi huko: mgonjwa amechujwa mara nyingi zaidi, foleni ya wanaojifunza ni ndefu zaidi, na chumba cha kupanga kinagharimu fedha ambazo mwanafunzi wa Dodoma angeweza kuzitumia kwa vitabu na chakula.

Muda, fedha na kugawa rotesheni

Wapo wanaotaka kugawa wiki nne katika sehemu mbili, mbili Mkapa na mbili Mvumi, ili waonje kote. Sishauri. Wiki ya kwanza katika hospitali yoyote huishia kwenye kufahamu fomu zinakaa wapi, maabara inapokea sampuli saa ngapi na nani mwenye ufunguo wa stoo. Kazi yenyewe huanza wiki ya pili. Ukiwa na wiki nane, kugawa kunaleta maana, na mpangilio ulio bora ni kuanzia chini kwenda juu: kijijini au mkoani kwanza, kanda baadaye. Aliyemwona mgonjwa wa figo akiwa na uvimbe tu na presha isiyotibiwa, kisha akamfuata kwa macho hadi kwenye mashine ya kusafisha damu, anaelewa mahali ambapo angeweza kuokolewa mapema.

Kuhusu gharama, Mkapa ndiyo nafuu zaidi kwa anayekaa hosteli za chuo, kwa sababu anaendelea kula na kulala alipozoea. General inahitaji nauli ya daladala kwenda na kurudi, na zamu za usiku humlazimu mtu awe na mahali pa kulala mjini au arudi kwa bodaboda saa ambazo si salama, hasa kwa wanafunzi wa kike. Hilo lipangwe kabla na msimamizi aelezwe wazi. Mvumi inataka chumba cha kulala karibu na hospitali, na ni vizuri kuuliza mapema kama hospitali yenyewe inacho. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo wahakikishe kwa ofisa wa mikopo wa chuo iwapo kipindi hicho kimehesabiwa kwenye fedha za mafunzo kwa vitendo, kwa sababu kujua baada ya kuhama ni kuchelewa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kupeleka barua

Barua ya chuo ikishatoka, kabla ya kuipeleka, mtafute mtu aliyekaa kwenye wodi hiyo karibuni na umuulize mambo machache ya wazi. Nani hasa atakuwa msimamizi wangu, na anafanya raundi siku zipi? Nitapewa vitanda vyangu, au nitatembea tu na kundi? Naruhusiwa kuandika kwenye faili, na nani atasaini nilichoandika? Nitashiriki makabidhiano ya zamu ya asubuhi? Jibu la swali la pili lina uzito kuliko mengine yote. Mwanafunzi aliyepewa vitanda vinne vya kwake katika hospitali ndogo atajifunza kuliko aliyezunguka vitanda 40 katika hospitali yenye sifa, kwa sababu wale wanne atalazimika kuwajua kwa majina, kujua majibu yao ya asubuhi na kueleza kwa nini mmoja wao hajapata nafuu.

Anayetaka kukusanya takwimu za utafiti aelewe kwamba rotesheni haimpi ruhusa hiyo. Kibali cha maadili huombwa kando na huchukua muda, na kuanza kunakili mafaili bila hicho ni kosa hata kama msimamizi ameridhia kwa mdomo.

Swali la mwisho huulizwa na wachache, ingawa linahusu uhai wa mwanafunzi mwenyewe. Kamilisha chanjo ya homa ya ini B kabla ya siku ya kwanza. Uliza barakoa za kuzuia kifua kikuu zinapatikana wapi. Halafu uliza, kwa kila hospitali unayoifikiria, mtu akijichoma na sindano saa nane za usiku anakwenda kwa nani na dawa za kinga dhidi ya VVU ziko kwenye kabati gani, kwa kuwa dawa hizo zinatakiwa zianzwe haraka iwezekanavyo na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita. Wodi ambayo muuguzi wa zamu anakujibu swali hilo papo hapo, bila kwenda kuuliza kwa mtu mwingine, ina mpangilio mzuri katika mambo mengine pia, na kama umebaki na mashaka kati ya hospitali mbili, ichague hiyo.